Mhamiaji hakukamatwa bandarini

Husimuliwa kwamba katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mhamiaji akishuka tu melini aliburutwa jeshini kisheria. Sivyo. Sheria ya kuita watu jeshini ya Kaskazini, upande wa serikali ya Muungano, ya Machi 1863 iliwahusu raia wa miaka 20 hadi 45, pamoja na wageni waliokwisha kuapa kwamba wanataka uraia. Asiyeapa hakuguswa, ila kuanzia Februari 1864, akiwa amewahi kupiga kura, utetezi wake ulianguka. Ndiyo maana asiyeapa alitafutwa sana: hakuitwa, hivyo aliweza kujiuza kuwa mbadala, yaani kwenda jeshini badala ya aliyeitwa. Grover Cleveland, rais wa baadaye, alimlipa mzaliwa wa Poland dola 150 aende badala yake, nusu ya ada ya serikali ya kujikomboa na jeshi. Ulaghai ulikuwepo, lakini ulikuwa wa madalali wa mbadala, si wa sheria. Kusini, majimbo yaliyojitenga, walifuta mbadala Desemba 1863, kisha wakawaita hata waliokwisha kulipia.