Kumwandaa mwombaji wa uraia: dhana zinazopotosha darasa, na ukweli wake

Tanga ni mji uliozoea wageni wanaokuja na kubaki. Wapo Wakenya waliovuka Horohoro miaka mingi iliyopita, wapo Wakongo na Warundi, wapo wenye asili ya Uhindi na Yemen. Kule Chogo, Handeni, wapo Wabantu kutoka Somalia, vizazi vya Wazigua waliopelekwa utumwani huko karne ya 19, na wengi wao wamekwisha kupewa uraia wa nchi ya mababu zao. Anayeomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba, siku moja huitwa kwenye usaili. Hapo ndipo jirani, mwalimu mstaafu au kijana wa sekondari huombwa amfundishe "historia na serikali". Nia huwa njema, lakini mafundisho mengi hupinda mapema kwa sababu ya dhana hizi.

Dhana: kuna karatasi ya maswali, ukiikariri umemaliza

Dhana hii ina chanzo. Wengi wana ndugu Marekani, na kule orodha iliyochapishwa ipo kweli: ile ya 2008 ilikuwa na maswali 100, ofisa akiuliza hadi 10 kwa mdomo, na mwombaji akipata 6 amefaulu. Video za mazoezi zimejaa kwenye simu, basi mtu wa Ngamiani huona na kwetu ni hivyohivyo.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, Sura ya 357, haitaji mtihani wa namna hiyo. Inataka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Inataka ajue vya kutosha Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe amechangia maendeleo ya taifa na anaweza kuendelea kuchangia, na awe na nia ya kuishi hapa moja kwa moja. Mambo haya hupimwa kwa nyaraka na kwa mazungumzo, na katika mazungumzo swali la historia laweza kuja kwa sura yoyote.

Hapo ndipo aliyekariri huanguka. Amefundishwa "Muungano ulikuwa lini?" na jibu lake "tarehe 26 Aprili 1964". Akiulizwa "Kabla ya Muungano Zanzibar ilikuwa inatawaliwa na nani?" hana pa kushika. Kwa hiyo kila jambo lifundishwe kwa pande tatu: lini, nani, na kabla yake kulikuwa na nini. Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza tarehe 26, na kabla ya hapo kila upande ulikuwa nchi yenye serikali yake. Mtu akiweza kuyasema hayo kwa maneno yake mwenyewe, swali lolote la eneo hilo atalijibu.

Tarehe zenyewe zisizidi tatu kwa kipindi, na zitamkwe kwa maneno. Mgeni aliyesoma kwa Kifaransa au Kiarabu huiona 1961 ubaoni akaielewa, ila kuisema "elfu moja mia tisa sitini na moja" mbele ya watu humtoa jasho.

Dhana: Tanzania ilipata uhuru 1961 na Nyerere akawa Rais siku hiyohiyo

Sentensi hii ina makosa mawili, nayo husemwa hata na wenyeji. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Siku hiyo Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Jamhuri ilizaliwa tarehe 9 Desemba 1962, na hapo ndipo Nyerere akawa Rais. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Hata baada ya Muungano, jina la kwanza lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. "Tanzania" lilikuja baadaye mwaka huohuo.

Mambo yote hayo yametokea ndani ya miaka mitatu tu, na akili ya mtu mzima aliyechoka na kazi ya kutwa huyachanganya. Dawa yake kwa Tanga ni rahisi: kamba ya katani. Kata kamba mbili za mita 8.

Kamba ya kwanza ni ya zaidi ya karne nzima. Kila mwaka upewe sentimita 5, kuanzia 1885 kampuni ya Wajerumani ilipopewa hati na mfalme wao ya kutawala sehemu za bara nyuma ya pwani hii. Kufikia 2025 utakuwa umetumia mita 7. Bana kadi kwa vibanio vya nguo: Maji Maji ya 1905 itakaa kwenye mita 1, Uhuru kwenye mwaka wa 1961 baada ya mita 3 na sentimita 80, vyama vingi vya 1992 kwenye mita 5 na sentimita 35. Mwanafunzi hutembea kando ya kamba huku akisema.

Kamba ya pili ni ya kukuza sehemu iliyobanana. Anza 1954, TANU ilipoanzishwa, ishia 1977, mwaka wa CCM na wa Katiba tuliyonayo. Kila mwaka upewe sentimita 30, na fundo liwe tarehe 1 Januari. Sasa 9 Desemba 1961 itakaa sentimita 2 kabla ya fundo la 1962. Uhuru wa Zanzibar na Mapinduzi vitakaa huku na huku ya fundo la 1964, vimeachana chini ya sentimita 3, na kadi ya Muungano itafuata sentimita 9 na nusu baada ya fundo. Mtu akiziona kadi mbili za Zanzibar zimegusana namna hiyo, hasemi tena kuwa Mapinduzi yalimwondoa Mwingereza. Anaona kwamba Mwingereza alikuwa ameshaondoka mwezi mmoja nyuma, na kwamba iliyoangushwa ni serikali ya Sultani.

Tahadhari moja: kila fundo hula kamba. Ukipima zote kwanza halafu ukafunga, vipimo vitaharibika. Funga fundo, ndipo upime lifuatalo kutoka hapo. Kamba nayo ivutwe kabla ya kupimwa, maana katani mpya hurefuka inapovutwa.

Asiyependa kamba atumie sikukuu, ambazo kila mgeni mwenye duka anazijua kwa sababu benki hufungwa: 12 Januari Mapinduzi, 7 Aprili Karume, 26 Aprili Muungano, 7 Julai Sabasaba (TANU ilizaliwa 7 Julai 1954), 14 Oktoba Nyerere, 9 Desemba Uhuru.

Dhana: Waingereza waliichukua Tanga 1914

Walijaribu wakashindwa. Novemba 1914 waliteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck cha watu kama 1,000, wakarudi melini. Nyuki waliowavamia askari porini ndio walioipa vita hii jina la Vita vya Nyuki. Tanga iliingia mikononi mwa Waingereza Julai 1916. Jambo hili lina thamani darasani kwa sababu mwanafunzi anaishi palepale lilipotokea, na kinachofungamana na mahali hakisahauliki upesi.

Dhana: anayejua Kiswahili anayajua maneno ya serikali

Hii ndiyo dhana inayodhuru zaidi, kwa kuwa haionekani. Mkenya na Mkongo huongea Kiswahili bila kusita, mwalimu akadhani somo la serikali litakuwa mteremko. Kumbe neno ni moja na maana ni mbili.

Chukua "jimbo". Kwa Mkongo ni eneo kubwa lenye gavana wake. Hapa jimbo ni eneo linalochagua mbunge mmoja, kama Tanga Mjini. Ukimwuliza "Unaishi jimbo gani?" atakutajia mkoa. Mkenya naye analeta kaunti na gavana anayepigiwa kura, hivyo akisikia "Mkuu wa Mkoa" anasema amechaguliwa na wananchi. Hakuchaguliwa, ameteuliwa na Rais. "Mwakilishi wadi" wa Kenya kwetu anakaribiana na diwani wa kata. Na kwa kuwa Kenya ina Bunge la Taifa na Seneti, mwanafunzi hulichukua Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kuwa seneti yetu. Siyo. Baraza lile hutunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, wala halipitii miswada ya Bunge la Dodoma.

Kabla ya somo lolote la serikali, mwulize mwanafunzi neno hilo kwao lina maana gani. Andika maana zote mbili ubaoni, yake kushoto na yetu kulia. Dakika kumi za kazi hiyo zinaokoa wiki mbili.

Dhana: Tanga ni Tanga

Mkoa wa Tanga, Wilaya ya Tanga na Jiji la Tanga ni vitu vitatu vyenye jina moja, na kila kimoja kina mkubwa wake. Mkoa una Mkuu wa Mkoa, wilaya ina Mkuu wa Wilaya, wote wateule wa Rais. Jiji lina Meya, ambaye huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na Mkurugenzi, ambaye ni mtendaji wa kuteuliwa.

Anzia chini. Mwanafunzi wa Chumbageni ataje mwenyekiti wa mtaa wake, kisha mtendaji wa mtaa, diwani wa kata, mtendaji wa kata, mbunge. Halafu aseme nani kapigiwa kura na nani kaajiriwa. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024. Diwani, ingawa ni wa kata, huchaguliwa kwenye uchaguzi mkuu pamoja na mbunge na Rais. Hapa hata wenyeji hukosea. Mwombaji asiyemjua mwenyekiti wa mtaa wake ana upungufu mkubwa kuliko asiyekumbuka mwaka wa Azimio la Arusha, kwa sababu anayeomba kuwa raia anaomba kuwa mwenzao watu wa mtaa ule.

Dhana: Waziri Mkuu ndiye mkuu wa serikali, na Bunge ni wabunge peke yao

Katiba ya 1977 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais kutoka kwa wabunge wa majimbo, na uteuzi huthibitishwa na Bunge. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais, na wabunge.

Dhana: serikali ni tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano

Ni mbili: Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mambo ya Bara yasiyo ya Muungano yako chini ya ile ya kwanza. Uraia ni jambo la Muungano, ndiyo maana hakuna uraia wa Bara na uraia wa Zanzibar.

Dhana: ndoa au miaka mingi hukufanya raia, na ukishapewa unashika pasi zote mbili

Hakuna anayekuwa raia kwa kukaa tu. Mke wa kigeni wa Mtanzania anayo njia yake ya kuomba katika sheria, lakini lazima aombe. Mume wa kigeni hupita njia ya kawaida. Anayepewa tajnisi huukana uraia wake wa awali. Na aambiwe mapema, kwa heshima, kwamba urais ni wa raia wa kuzaliwa tu, na kwamba uraia wa tajnisi sheria inaruhusu kunyang'anywa kwa sababu zilizotajwa humo.

Dhana: asiyejua kusoma hafundishiki

Usaili ni wa mdomo, na bibi asiyejua herufi anaweza kueleza mihimili mitatu vizuri kuliko mhitimu. Mpe vitu vya kushika: chungu cha mafiga matatu, kila figa likiwa mhimili: Serikali, Bunge, Mahakama. Aondoe moja aone chungu kinavyolala. Bendera afundishwe kwa kitambaa mkononi: kijani mimea na ardhi, njano madini, nyeusi watu, buluu maji.

Kipindi cha dakika 90 kigawanywe hivi: 15 za kurudia ya jana kwa mdomo, 30 za jambo jipya, 30 za usaili wa majaribio, zinazobaki ni za maswali yao. Katika majaribio weka meza, na nyuma yake watu watatu wasiozoeleka na mwanafunzi, maana anayejibu vizuri mbele ya mwalimu wake hugeuka bubu mbele ya wageni. Afundishwe kusema "Naomba urudie swali, tafadhali", neno ambalo wengi huona aibu kulitamka, kisha wakajibu wasichoulizwa.

Na barua ya wito isomwe pamoja naye. Ikisema saa 3 asubuhi kwa saa za Kiswahili, simu ya mgeni itaonyesha 9:00. Waliolelewa katika saa za kizungu wamewahi kuamka usiku wa manane kwa kosa hilo, na wengine wakaona saa 8 mchana ni saa mbili asubuhi, wakasubiri mlangoni tangu alfajiri na kuingia ndani wakiwa hoi.