Mstari wa T uliofifia una maana gani kwenye kipimo cha kujipima VVU

Kipimo cha kujipima VVU kwa majimaji ya kinywani, kama OraQuick, hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza baada ya kuambukizwa.

Kidirisha cha majibu kina herufi mbili, C na T. C haisemi lolote kuhusu VVU. Inaonyesha tu kwamba sampuli imefika na majimaji yamepanda inavyotakiwa. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama T imechora vizuri, chukua kipya. Mara nyingi fizi hazikupanguswa sawasawa (ya juu mara moja, ya chini mara moja) au dawa ya kwenye kichupa ilimwagika.

C peke yake ni hasi. C na T pamoja ni chanya, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya: T ikiwa hafifu, wanaihesabu kuwa hasi au "nusu nusu". Nusu haipo. Mstari unaoonekana kwa shida, alimradi upo, unasomwa sawa na uliokolea, wala ukolevu wake haukuambii una virusi kiasi gani. Somea penye mwanga wa kutosha.

Soma kati ya dakika ya 20 na ya 40, kijiti cha kipimo kikiwa bado ndani ya kichupa. Ukiwahi, T inaweza kuwa haijajitokeza. Ukikiacha mpaka kesho yake, majibu hayo si ya kuaminika. Kabla ya kupima, kaa dakika 15 bila kula wala kunywa, na dakika 30 kama umepiga mswaki kwa dawa ya meno.

Hasi nayo ina masharti. Ikiwa hatari ya kuambukizwa ilitokea ndani ya miezi 3 iliyopita, kingamwili huenda bado hazitoshi kuonekana. Rudia baada ya miezi hiyo. Ikiwa ni ndani ya saa 72, achana na kipimo kwanza, wahi kituo cha afya ukaulizie PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari. Aliye kwenye ARV (dawa za kufubaza VVU) hapaswi kutumia kipimo hiki, kwa sababu kinaweza kumpa hasi ya uongo. Anayemeza PrEP, dawa za kujikinga kabla ya hatari, aulize kituoni apime vipi.

Chanya ya nyumbani ni majibu ya awali. Kurudia na kipimo kingine cha aina hiyohiyo hakuthibitishi kitu. Kituoni watakupima damu kwa vipimo tofauti vinavyofuatana, ndipo utajua hali yako.