Arusha: Jumuiya ilivunjika, jengo likabaki

Kazi yangu ni kuandaa mikutano, na wateja wanaoitaka Arusha wengi huanza kwa kuniuliza habari za Serengeti. Mimi huanzia AICC, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha.

Jengo lile lilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mji ule mdogo chini ya Mlima Meru ulibaki na ofisi za nchi tatu, wenyewe wameondoka. Mwaka uliofuata serikali ikaligeuza kuwa kituo cha kimataifa cha mikutano. Naamini uamuzi huo ndio uliozaa Arusha tunayoijua.

Maana kilichofuata kilihitaji nyumba ya namna hiyo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilisikiliza kesi zake humo, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama ya miaka ishirini hutaka wakalimani, mafundi mitambo, walinzi, madereva na vitanda vya wageni mwaka mzima. Mji ukajifunza kazi hizo, na leo nikitafuta mkalimani wa Kifaransa sihangaiki. Jumuiya mpya nayo, baada ya mkataba wa Novemba 1999, ilirudi kama mpangaji katika nyumba yake ya zamani hadi ilipojenga yake.

Tabia ya kukutana hapa ilikuwapo hata kabla ya jengo. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikaa Arusha na kupitisha Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea. Wajumbe wangu huwapeleka kwenye makumbusho yake Kaloleni, kisha tunatembea kutoka Mnara wa Saa hadi boma la Wajerumani. Ukilipita boma, AICC iko hapohapo nyuma.

Kama unapanga, kwepa Julai na Agosti: watalii wamejaza hoteli na bei ziko juu. Mkilazimika, waambieni wajumbe wabebe sweta, kwani asubuhi baridi ni kali. Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) ni kama kilomita 50, kwa hiyo ufunguzi usiwekwe saa mbili asubuhi siku ambayo wageni ndiyo kwanza wanatua.