Mirongo Hupanda Usiku: Usawa wa Maji, Kasi Yake na Alama za Mlangoni

Asubuhi ya kiangazi, ukisimama Mabatini, jijini Mwanza, na kuutazama Mto Mirongo, unaweza kuudharau. Maji ya kifundo cha mguu, yenye povu la sabuni na chupa mbili tatu za plastiki, yanapita taratibu kuelekea Ziwa Victoria. Mtoto anavuka kwa kurukaruka juu ya mawe, viatu mkononi. Mto huohuo, ikinyesha mvua kubwa ya saa moja tu, huingia ndani ya nyumba za watu.

Sababu iko vilimani. Mwanza imekaa juu ya miamba, na mwamba haunywi maji. Pale palipokuwa na udongo na majani, sasa pana mabati, sakafu za saruji na njia zilizoshindiliwa na miguu ya watu. Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye kilometa 1 ya mraba ya kilima, hizo ni lita milioni 50. Tuseme nusu yake tu inateremka mtoni ndani ya saa moja: ni karibu lita 7,000 kila sekunde, zote zikitafuta pa kupita kwenye mkondo uleule wa mtoto na mawe yake.

Kazi yetu sisi wataalamu wa maji ni kujua mto umepanda kiasi gani, lini, na umebeba maji mengi kiasi gani. Chombo cha kwanza ni geji, yaani bamba refu lililosimamishwa mtoni, lenye namba na vimistari vya sentimita. Msomaji wa geji hufika asubuhi, husugua ukoga kwa brashi, huinama mpaka macho yake yalingane na maji, kisha huandika namba na saa daftarini. Kama kuna viwimbi, husoma juu ya wimbi na chini ya wimbi, akachukua katikati. Jioni hurudi. Namba ile si kina cha mto, na watu wengi huchanganya hapa. Ni urefu wa maji kutoka sifuri ya geji, na sifuri hiyo imefungwa kwenye alama ya kudumu iliyo nchi kavu. Ndiyo maana tunaomba geji isisogezwe hata kidogo: ikisogea sentimita 10, kumbukumbu za miaka iliyotangulia haziwezi tena kulinganishwa na za leo.

Kupata wingi wa maji yanayopita ni hatua nyingine. Tuna mita za kupimia kasi, lakini kanuni yake unaweza kuiona kwa chungwa. Chungwa hufaa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Pima mita 10 kwenye kipande kilichonyooka, litupie katikati ya mto, hesabu sekunde. Likitumia sekunde 20, kasi ya juu ya maji ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya chini hukwaruzana na kitanda cha mto na kwenda polepole zaidi, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.85. Kama mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha sentimita 25, eneo la maji ni mita 1 ya mraba. Jibu: lita 425 kwa sekunde, zaidi ya ndoo 20 kubwa za lita 20 kila sekunde. Jaribu hili siku ya maji madogo tu, ukiwa ukingoni.

Vipimo kama hivyo vikirudiwa maji yakiwa madogo, ya kati na makubwa, tunachora mchoro unaounganisha namba ya geji na mtiririko. Baada ya hapo namba moja inatosha kutuambia lita. Lakini kwenye mto wa mjini mchoro huo huharibika upesi. Wachimba mchanga wakishusha kitanda cha mto, namba ileile sasa ina maana ya maji mengi zaidi. Godoro kuukuu likinasa chini ya daraja, maji hupanda nyuma yake ingawa hayajaongezeka. Karibu na mdomo wa mto, ziwa lenyewe likijaa, kama lilivyojaa mwaka 2020, huyasukuma nyuma maji ya mto yasishuke.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni saa. Mto mkubwa kama Kagera hupanda na kushuka kwa siku nyingi, hivyo kusoma asubuhi na jioni kunatosha. Mto kama Mirongo unaweza kupanda saa nane usiku na kufikia saa kumi na mbili umeshuka. Msomaji anakuta maji ya kifundo, anaandika namba ya kifundo, na daftari linasema usiku ulikuwa shwari. Vipo vihisi vinavyofungwa chini ya madaraja, vyenye sola na laini ya simu, vinavyotuma usawa wa maji kila dakika 15. Vinasaidia sana, lakini ni vya gharama, na sola ikiibwa kihisi kinanyamaza.

Siku moja baada ya mvua tulipita mtaa mmoja kando ya mto huu kutafuta mistari ya tope kutani. Bibi mmoja alipoitikia shikamoo yetu alituuliza tunatafuta nini, kisha akatuita mlangoni kwake. "Wanangu, maji msiyatafute ukutani, mimi nimeyaandika hapa." Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na mistari minne iliyochanjwa kwa msumari. Mmoja ulikuwa wa mwaka mjukuu wake alipoanza darasa la kwanza. Tukafunga leveli, yaani darubini ya kulinganisha urefu wa sehemu mbili, juu ya miguu yake mitatu, tukapima kutoka mstari ule hadi alama yetu. Ulikuwa juu kuliko ncha ya geji yetu. Hata kama msomaji angekuwepo usiku ule, bamba lingekuwa limezama lote.

Mstari kama huo ndio unaotuambia tundu la daraja liwe na ukubwa gani na geji ianzie na kuishia wapi. Unahitajika pia kwa suala la uchafu. Maji machafu yakipimwa maabara bila kujua mtiririko, hatujui ni kilo ngapi za kinyesi na mbolea zinaingia ziwani kulisha magugu maji. Na unaonyesha kwa macho kwa nini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kwa hiyo, kama unaishi kando ya mto, chagua kitu kisichosogea: nguzo ya zege, ukuta wa msingi, fremu ya mlango. Maji yakishashuka, na kukiwa na mwanga, chora mstari pale tope lilipoishia, andika tarehe na saa ambayo maji yalifika kileleni, piga picha, upeleke ofisi ya serikali ya mtaa au ya bodi ya maji ya bonde. Usitoke kupima mto ukiwa bado unapanda. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kuliinua gari dogo. Mtu akisombwa au kuzingirwa, pigeni Zimamoto namba 114.

Kwa yule bibi tuliacha kalamu ya wino usiofutika. Mjukuu wake, ambaye sasa yuko sekondari, ndiye anayeandika tarehe na saa pembeni ya kila mstari.