Je, wajua kwa nini kasoro ya mstari mmoja kwenye keneli inaweza kumla mtu wiki nzima?

Simu yoyote ya Android ina keneli ya Linux ndani yake. Keneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na kifaa chenyewe: inagawa memori, inaamua programu ipi itumie prosesa na kwa muda gani, inapokea data kutoka kwenye kamera, diski na antena. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Leo ina zaidi ya mistari milioni 30, na wengi wanaoitunza ni waajiriwa wa kampuni kama Intel, Google na Red Hat, wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo.

Ungedhani watu hao hushinda wakiandika programu kutwa nzima. Wanaandika, ila sehemu kubwa ya siku huishia kwenye kusoma, kupima na kubishana.

Sababu ya kwanza ni hatari. Programu ya kawaida ikikosea, keneli huizima na mambo mengine yakaendelea. Keneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuidhibiti. Mashine inaganda, au inaharibu data kimyakimya, jambo ambalo ni baya zaidi. Hata vifaa vya kazi ni haba. Zile maktaba za programu ambazo waandishi wengine wamezizoea hazipo huku ndani, na kutoa ujumbe tu kwenye skrini kunahitaji amri maalumu iitwayo printk. Ndiyo maana majaribio mengi hufanyika kwanza ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, kama ile ya QEMU, ambayo hata ikifa mara ishirini kabla ya chakula cha mchana hakuna hasara.

Sasa chukua mfano. Ripoti imeingia: laptopu ya aina fulani, tangu toleo jipya la keneli litoke, ukiifunga kifuniko halafu ukaifungua haiamki. Toleo la nyuma lilikuwa linaamka vizuri. Kati ya matoleo hayo mawili kuna mabadiliko yapatayo 13,000. Utaanzia wapi?

Hapo ndipo inapoingia amri ya bisect ya git, programu inayotunza historia ya kila badiliko. Inakuchagulia badiliko lililo katikati kabisa. Unaikompaili keneli ilivyokuwa siku hiyo, yaani unayageuza maandishi yake kuwa programu inayoweza kuwashwa, unaiwasha laptopu, unafunga kifuniko, unasubiri, unafungua. Imeamka? Basi kosa liko kwenye nusu ya baadaye. Imebaki nyeusi? Liko kwenye nusu ya mwanzo. Unaigawa nusu hiyo tena. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 14 ni 16,384, raundi 14 hivi zinatosha. Kwenye karatasi inaonekana kazi ya asubuhi moja. Kiuhalisia kila raundi ina kompaili yake, tena katikati utakutana na toleo lisilowaka kabisa kwa sababu nyingine isiyokuhusu, ulipite ujaribu la jirani. Mwishoni unabaki na badiliko moja, pengine la mistari mitatu, lililoandikwa na mtu aliyekuwa na sababu nzuri kabisa ya kuliandika.

Kuliondoa tu hakutoshi, maana litarudisha tatizo alilokuwa analitibu yule mwenzio. Unaandika kiraka, yaani badiliko dogo la kurekebisha kosa, na maelezo yake mara nyingi yanakizidi chenyewe kwa urefu: nini kilitokea, kwa nini, badiliko gani lilileta kasoro. Chini unaweka jina lako kwenye mstari wa Signed-off-by, kuthibitisha kuwa una haki ya kuitoa kazi hiyo, utaratibu ulioanza mwaka 2004 baada ya kampuni ya SCO kuishitaki IBM ikidai mali yake imeingizwa kwenye Linux. Halafu unakituma kwa barua pepe kwa wasimamizi wa eneo hilo, nao wanakichambua mstari kwa mstari. Unarekebisha, unatuma cha pili, cha tatu. Wageni wengi hukata tamaa hapa. Torvalds mwenyewe aliomba radhi mwaka 2018 kwa ukali wa lugha yake na akakaa pembeni kwa wiki kadhaa. Kwangu, ukali juu ya kazi ulikuwa wa haki, matusi hayakuhitajika.

Ukali huo una historia. Mwaka 2016 ilifichuka kasoro iliyopewa jina Dirty COW, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Torvalds alieleza kuwa alijaribu kuiziba miaka 11 nyuma, lakini kiraka chake kikaondolewa kwa sababu kilileta matatizo kwenye kompyuta kubwa za IBM.

Kalenda nayo haina huruma. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Dirisha la kupokea mambo mapya hufunguliwa kwa wiki mbili tu, kisha zinafuata wiki za kusafisha makosa. Kiraka cha laptopu yetu kinaweza kupenya hata katika wiki hizo kwa kuwa kinatibu, lakini kitu kipya kikichelewa kinangoja toleo lijalo.

Na kuna wanaongoja zaidi. Kazi ya kuiwezesha keneli kuitikia ndani ya muda uliopangwa bila kuchelewa, kama zinavyohitaji mashine za viwandani, ilianza mnamo 2004. Vipande vyake viliingia kimoja kimoja, na kilichokwamisha hatua ya mwisho kilikuwa ile printk, kwa kuwa kuandika ujumbe kwenye skrini kuliweza kuichelewesha mashine nzima. Kibali kilipatikana Septemba 2024.