Dungu la mtini: maana yake na namna ya kulichagua kwa kuwinda ayala

Mkulima wa mpunga hahitaji kuelezwa dungu ni nini. Ni lile jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, mlinzi akae juu na kombeo lake awaone ndege na nguruwe kabla hawajauvamia mpunga. Pengine huitwa ulingo. Wawindaji wa Marekani na Kanada nao wana dungu lao la kumvizia ayala, ila linapishana na la shambani kwa jambo moja, na hilo ndilo linaloamua mengine yote: la shambani husimama kwa nguzo zake lenyewe, la mtini huazima nguvu za mti. Anayenunua dungu dukani amenunua nusu tu. Nusu ya pili imesimama porini, na hiyo hakuna kiwanda kilichoipima.

Anayeviziwa zaidi ni ayala mkia-mweupe. Wengi humwita kulungu, na hakuna anayepotea kwa hilo, lakini kulungu wa kwetu ana pembe za kudumu, hali ayala dume huangusha pembe zake zenye matawi kila mwaka na kuotesha mpya. Silaha yake kubwa ni pua. Macho yake hunasa upesi kitu kinachojongea, ingawa fulana ya rangi ya chungwa, anayovaa mwindaji ili wenzake wamwone, haimshtui. Aliye juu ya mti huona mbali, mijongeo yake midogo haiko mbele ya uso wa mnyama, na harufu yake huweza kupita juu kabla ya kushuka. Iko faida nyingine inayotajwa mara chache: risasi inayopigwa kuelekea chini huishia ardhini, haisafiri hadi kwa jirani.

Dungu la ngazi ndilo jepesi kulielewa: ngazi ya chuma yenye kiti juu yake, iliyoegemezwa na kufungwa kwenye shina. Huwa na urefu wa mita 4.5 hadi 6, na uzito wake huanzia kilo 20 na kuendelea. La watu wawili ni zito zaidi. Linamfaa anayeanza, mwenye magoti mabovu, na mzazi anayewinda na mtoto, mradi mahali pawe pa kudumu. Kulisimamisha kunataka watu watatu. Anayejaribu peke yake hulemewa ngazi inapofika wima, kwa kuwa uzito wote wa kiti uko kileleni.

Dungu la kupachika ni jukwaa dogo na kiti, kilo 5 hadi 9, linalofungwa kwa mkanda au mnyororo. Kulifikia kunahitaji vipande vya ngazi vinavyofungwa kimoja juu ya kingine. Kosa linalorudiwa ni kumalizia ngazi usawa wa jukwaa au chini yake. Kipande cha mwisho kipite juu ya jukwaa, ili mtu ashuke kuingia, asijivute kupanda. Walio wengi huanguka wakiwa wanapanda, wanashuka, au wanavuka kutoka ngazi kwenda jukwaani. Aliyekwisha kukaa yuko salama kuliko wakati wowote mwingine.

Dungu la kupandia halina ngazi kabisa. Ni vipande viwili vinavyouzunguka mti: cha juu cha kukalia na cha chini cha kukanyagia. Unakaa, unainua cha chini kwa miguu, unasimama, unainua cha juu, mpaka ufike. Kwa kuwa shina hupungua unene kadiri linavyopanda, jukwaa lililo sawa chini litainama ukifika juu. Kwa hiyo linafungwa likiwa limeinua ncha ya mbele, na usawa hupatikana kileleni. Vipande hivyo viwili lazima viunganishwe kwa kamba. Cha chini kikichomoka miguuni bila kamba hiyo, mtu hubaki amening'inia mita 6 juu, hana njia ya kushuka.

Wako pia wanaotumia tandiko, yaani kitambaa kipana cha kukalia kinachovaliwa nyongani na kufungwa mtini kwa kamba. Ni jepesi kuliko yote, na linakubali hata mti uliopinda, lakini linadai mazoezi mengi chini kabisa, nusu mita kutoka ardhini, kabla ya mtu kulipeleka juu.

Sasa mti. Uwe hai, umenyooka, na unene wake uwe ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha dungu, mara nyingi kipenyo cha kati ya sentimita 20 na 50. Msonobari na mwaloni hutumika sana. Dungu la kupandia halifai kwenye mti wenye matawi chini, wala wenye gome laini kama mti uitwao beech, hasa likiwa na umande au barafu, maana meno ya chuma yanayolishikilia dungu shinani hukosa pa kung'ata. Gome linalobanduka mabamba kwa mabamba ni baya vilevile: meno hung'ata bamba, bamba hutoka na dungu lake. Tahadhari kubwa ni kwa miti iitwayo ash. Mwaka 2002 aligunduliwa katika jimbo la Michigan, Marekani, mdudu wa kijani kutoka Asia ambaye buu lake hula chini ya gome, na tangu hapo ameua miti hiyo kwa mamilioni. Mti wa ash uliokufa hukauka na kukatika ghafla, wala hautoi mlio wa kuonya. Ukiona gome limeparuliwa na vigong'ota na kilele hakina majani katikati ya kiangazi, pita.

Tazama pia mti utakavyokuwa Novemba. Dungu lililofungwa Agosti ndani ya majani mabichi huonekana limefichika vizuri. Majani yakishapukutika, mwindaji hubaki kama kunguru juu ya waya. Dawa si kupanda juu zaidi. Dawa ni shina nene kuliko mabega yako, au mti uliogawanyika mashina mawili au matatu, au mwaloni unaoshikilia majani yake makavu.

Watu wengi huamini kwamba dungu likiwa juu zaidi ndiyo bora, na hapo ndipo mnyama huumia bure. Ukiwa mita 6 juu na ayala yuko mita 15 kutoka shinani, mshale hushuka kwa pembe ya digrii 22 hivi na unaweza kupita mapafu yote mawili. Panda mita 9, naye asimame mita 5 kutoka shinani, pembe inazidi digrii 60: mshale unaingia karibu na uti wa mgongo, unatoboa pafu moja, na mnyama aliyebakiwa na pafu zima anaweza kukimbia mbali asipatikane. Mita 5 hadi 6 zinatosha, na kwa mwenye upinde njia ya mnyama iwe mita 15 hadi 20 kutoka mtini.

Upepo utoke njiani uje kwako. Wazoefu hubeba sufi ya gugu lenye utomvu mweupe, huachia unyuzi mmoja na kuutazama unakoelekea, kwa sababu upepo wa usoni pako unaweza kugeuka mita 20 mbele. Kwenye mteremko, hewa hupanda jua likishawasha ardhi na hushuka jioni. Asubuhi kaa juu ya njia, jioni kaa chini yake; dungu moja halifai nyakati zote mbili.

Kila dungu lina kikomo cha uzito. Madungu mengi yameandikwa kilo 136. Hesabu mwili, nguo za baridi, buti, begi na silaha kwa pamoja. Dungu lililopimwa kwa viwango vya chama cha watengenezaji, Treestand Manufacturers Association, huja na mkanda wa mwili mzima unaoshika mabega, kifua na mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake ukimdaka mtu humbana pumzi, usiutumie. Kamba itokayo mgongoni mwa mkanda ifungwe mtini, juu ya usawa wa kichwa, ikazwe kiasi kwamba ukikaa hakuna ulegevu. Tangu ardhini tumia kamba ya usalama iliyofungwa juu ya dungu, yenye fundo la Prusik: mkono unalisukuma kirahisi, mwili ukianguka linajikaza. Aliyening'inia damu humshukia miguuni, na baada ya dakika chache anaweza kuzimia, kwa hiyo awe na kitanzi cha kukanyaga na simu kwenye mfuko unaofikiwa kwa mkono mmoja. Bunduki haipandi na mtu. Huvutwa kwa kamba ukishafika na kujifunga, ikiwa haina risasi na mdomo ukielekea chini.

Sheria hutofautiana kwa kila jimbo. Michigan, ambako msimu wa bunduki hufunguliwa 15 Novemba na ambako Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamehamia, aliyezaliwa 1960 au baadaye hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na dungu kwenye ardhi ya umma lazima liwe na utambulisho wa mwenyewe. Kupigilia misumari au skrubu kwenye miti ya umma ni marufuku huko na kwenye majimbo mengine mengi.

Msimu ukiisha, literemshe. Mti hunenepa, mkanda wa kulifungia dungu ukibaki mwaka mzima humezwa na gome au huvutika hadi nyuzi zikatike ndani kwa ndani, huku jua likiula na kindi wakiutafuna. Kabla ya kufunga tena, upitishe wote kati ya kidole gumba na cha shahada, hasa unapopinda kwenye chuma. Ukikuta umekauka, umepauka, au umeota vinyweleo kama shingo ya kifaranga, usiutumie, na kabla ya kuutupa ukate vipande viwili, mtu mwingine asije akauokota akaufunga.