Mshipa wa huyu si mshipa wa yule

Mie nafanya kazi ya rekodi za hospitali hapa Mombasa, yaani ndo yule anayekaa nyuma ya kidirisha na mafaili, na watu wengi wadhani kazi yetu ni kutafuta kadi na kusinzia mchana. Kumbe nusu ya siku yangu huishia kwenye kugeuza maneno ya wagonjwa na madaktari kuwa namba. Ugonjwa ukiandikwa, mie naupa msimbo wake. Kazini wenyewe twasema kodi, lakini nikiandika kodi hapa mtu atadhani nadai ya nyumba, kwa hivyo wacha tuseme msimbo.

Kuna mzee alikuja, kavuka feri mapema kutoka Likoni. Mwanafunzi aliyekuwa mezani siku hiyo akamuamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, shida ni nini, "nina mshipa mwanangu, siku nyingi sasa." Kijana akaandika kwenye rejista vile alivyosikia: mshipa. Basi, hakuna zaidi. Jioni nami nafika kwenye jina lile nimechoka, nikajiambia mshipa ni ngiri tu, nikaweka K40, ngiri ya kinena, yaani utumbo uliochomoza kinenani, nikafunua ukurasa mwengine. Siku ya upasuaji ilipofika mzee kaitwa, kafunga tangu usiku, daktari kumwangalia, kumbe ni busha, mfuko wa korodani umejaa maji. Busha ni N43, na upasuaji wake si ule. Daktari alinipigia simu, na aliyoniambia hayaandikiki hapa.

Sasa mtu atasema si alikuwa atapasuliwa tu, namba yako ina nini? Ina mengi. Huku kwetu Pwani busha mara nyingi hutokana na ule mnyoo wa matende unaobebwa na mbu, B74, na dawa za kumeza mtaa mzima haziletwi kwa sababu fulani kalalamika, zaletwa pale hesabu inapoonyesha ugonjwa upo. Mabusha kumi nikiyaita ngiri, matende yameshapotea kwenye karatasi na mbu yuko palepale.

Hii misimbo ya herufi na namba yaitwa ICD, yaani orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa. Ilianzia kwenye vifo, si magonjwa: mwaka 1893 Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, alipeleka orodha ya sababu za vifo kwenye mkutano wa wanatakwimu kule Chicago, ili mtu akifa mji huu na mwengine akifa mji ule wahesabiwe kwa majina mamoja. Shirika la Afya Duniani likaichukua 1948 na kuongeza magonjwa yasiyoua pia. Toleo la kumi lilipitishwa 1990, la 11 lilianza rasmi Januari 2022, sisi mezani kwetu bado twahangaika na la kumi. Na usidhani ni vidudu tu vimo humo. Mgema akianguka mnazini ana msimbo wake, W14, kuanguka kutoka mtini, na wewe uliyekaa chini nazi ikakushukia ni W20. Hizo mbili mie nazijua kwa kichwa, manake hazikosi kazi.

Ila ICD ni ya kuhesabu. Nenda soko la Kongowea uone: maembe ni ngowe, ni boribo, ni dodo, lakini anayeandika mzigo kwenye lori aandika maembe, makapu mia. Daktari anayemtibu mtu hawezi kuishi na "maembe" peke yake, ataka kujua ni ngowe na imeiva kiasi gani. Kwa hilo kuna mpango mwengine, SNOMED CT, uliozaliwa 2002 kwa kuunganisha orodha ya wanapatholojia wa Marekani na ile ya Uingereza iliyoanzishwa na daktari James Read. Una dhana zaidi ya 350,000. Mie nlipofunguliwa mara ya kwanza kwenye kompyuta nlichoka kwa kuangalia tu.

Kilichonipendeza humo ni hiki. Presha ni 38341003. Hiyo namba yenyewe haina maana yoyote, haisemi moyo wala damu, ni kama namba ya plot tu, na majina yote yametundikwa juu yake: presha, shinikizo la damu, haipatenshoni, na vile vifupisho vya madaktari visivyosomeka. Jina likibadilika kesho namba haitikisiki, na dhana ikistaafishwa namba yake haipewi mwengine. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua zile za mbele, kwa hivyo ukibonyeza vibaya mashine yakushtukia. Halafu dhana zina ukoo: malaria ya falsiparamu ni malaria, malaria ni ugonjwa wa vimelea, ukiuliza magonjwa ya vimelea yote inajitokeza yenyewe bila mtu kuitaja.

Lakini hayo yote yaanza baada ya neno kufika kwenye rejista. Mashine yajua 38341003, haijui kwamba bibi akisema ana presha sharti umuulize ya kupanda au ya kushuka, manake ya kushuka ni kitu chengine kabisa, I95. Haijui kwamba "homa" ya huyu ni mafua na ya yule ni malaria. Watu hulalamika Kiingereza na Kilatini cha hospitali, mie kinachonitesa ni Kiswahili chetu wenyewe ambacho hakuna aliyekaa akakipanga kwenye hizo orodha kama visawe, na si kwamba haiwezekani. Chikungunya, ule ugonjwa wa mbu, ni neno la Kimakonde, la kupinda kwa maumivu, lilichukuliwa kwa wagonjwa wenyewe kusini mwa Tanganyika kwenye mlipuko wa 1952 na 1953, na leo dunia nzima ni A92.0. Ulipotupiga Mombasa 2004, na tena mwisho wa 2017, watu walikuja wamepinda kweli.

Basi tangu yule mzee nina kaunta buku yangu. Kushoto neno la mgonjwa, katikati swali la kumuuliza, kulia msimbo. Mshipa umekula ukurasa mzima: umevimba wapi, ukilala warudi ndani, ni mzito kama maji, una kigumu ndani yake. Wanafunzi wote husomeshwa ukurasa huo kabla hawajashika kalamu. Juzi kaja bibi asema ana mshipa wa kichwa, kijana kageuka kaniangalia, nami nikafungua ukurasa mpya.